Wapelekeni Watoto Loiyangalani, Tena kwa Barabara

Likizo ya Agosti ikikaribia, wazazi wenzangu hapa Nairobi huanza kuulizana: mwaka huu ni Mombasa au Naivasha? Jibu langu ni Loiyangalani, mji mdogo kando ya Ziwa Turkana, na si kwa ndege. Anayeruka juu ya jangwa la Kaisut ataliona ziwa, lakini atakuwa amekosa kaskazini yenyewe.

Watoto wetu wanaijua kaskazini kwa mambo mawili tu: ukame wa darasani na wizi wa mifugo wa taarifa ya habari. Mtu wa Marsabit akisafiri kuja huku bado husema anaenda Kenya, na sisi tunacheka kana kwamba ni utani.

Mpaka Laisamis ni lami tupu. Wa rika langu wanaikumbuka barabara hii ya Isiolo hadi Moyale ilipokuwa ya malori kwenda kwa msafara na polisi wenye bunduki. Leo ni safari rahisi. Laisamis ndipo unapokata kushoto, na murramu inaanza: kilomita zipatazo 200, zilizopanuliwa ili malori yapitishe mitambo ya kuzalisha stima kwa upepo kutoka bandari ya Mombasa hadi Sarima. Murramu isipopigwa greda huota matuta kama ubao wa kufulia, na gari hutetemeka mpaka watoto wanaacha kugombana. Punguza upepo kwenye magurudumu, beba spea mbili, usikimbie. Mawe ya huko yana makali.

Beba pia maji kuliko unavyodhani unahitaji, kwa sababu si ya kwenu peke yenu. Mbele ya Namarei tulimkuta mvulana wa umri wa mwanangu kandokando ya barabara, ameshika mtungi wa manjano uliowahi kuwa wa mafuta ya kupikia. Hakutupungia. Aliupindua mdomo chini, tuone kwamba hauna kitu. Tukasimama. Mwanangu ndiye aliyemmiminia, na yule mvulana akakinga kiganja chini ya mdomo wa mtungi ili tone lisipotee, huku mbuzi wake wakisogea kwa kusikia maji. Nawasihi wasafiri: acheni peremende nyumbani, jazeni jerikeni moja zaidi kwa ajili ya njiani.

South Horr kuna kivuli, katikati ya milima ya Nyiru na Ol Doinyo Mara. Pumzikeni hapo, kwa maana baadaye ni upepo mtupu, unaobanwa kati ya Nyiru na Kulal ukatoka kwa kishindo. Ndiyo sababu mitambo 365 ilisimikwa Sarima, yenye uwezo wa megawati 310, ikazinduliwa rasmi mwaka 2019. Stima yake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Nyaya zinapita juu ya manyatta zisizo na hata balbu moja, na binti yangu akauliza kwa nini. Nilimweleza nilichokijua: kwamba wenyeji walikwenda mahakamani kuhusu ardhi hiyo, na mwaka 2021 mahakama ikasema hati zake zilipatikana bila kufuata sheria. Swali lake halikuishia hapo, na sikutaka liishe. Hakuna kitabu cha shule kingemfikisha kwenye swali hilo.

Kwa maoni yangu barabara hii ndiyo faida kubwa ambayo wenyeji wameiona, nayo inastahili greda hata sasa ambapo mitambo imeshafika. Gari la wagonjwa kutoka Loiyangalani linapita humu humu.

Ziwa lenyewe hulioni mpaka umeanza kushuka kwenye mawe meusi ya volkano, halafu linatokea lote kwa mpigo, kijani kibichi. Mjini Loiyangalani utawakuta Waturkana, Wasamburu, Warendille na Waelmolo sokoni pamoja.

Kuhusu usalama, wenye wasiwasi wana haki. Ulizeni kituo cha polisi Laisamis, kisha waulizeni na madereva wa malori, ambao habari zao ni za asubuhi hiyo. Msisafiri usiku. Aprili na Novemba msiende kabisa: mvua ikinyesha milimani, laga, yaani mito mikavu ya msimu, hujaa maji hata mlipo kukiwa na jua kali, na mnaweza kulala ng'ambo mkisubiri yapungue.