Duara la kusoma Unguja: jina la mwandishi lina uzito gani?

Wazo lenyewe ni dogo. Wanawake saba au wanane wa mjini Unguja wakutane mara moja kwa mwezi baada ya alasiri, wasome kitabu cha mwandishi mwanamke anayependa wanawake, wazungumze, na kila mtu awe kesharudi kwake kabla ya magharibi. Lizungumze hili Michenzani na utapewa majibu mawili hapo hapo. Mmoja atasema ni uchochezi na kuiga mambo ya nje. Mwengine atasema mbona ni kusoma tu, ubaya uko wapi? Wote wawili naona wanalikimbia swali lenyewe.

Nianze na huyu wa "kusoma tu", maana kwa hoja yake mtu anaweza kujisahau. Yeye anategemea sheria. Mwaka 2004 Zanzibar iliifanyia marekebisho sheria yake ya adhabu na kuwataja wanawake waziwazi: mwanamke akipatikana na hatia ya tendo la kimapenzi na mwanamke mwenzake, kifungo chake ni hadi miaka 5. Kinachotajwa ni tendo, kitabu hakimo. Sawa. Lakini tazama yaliyotokea Uingereza. Mwaka 1921 kulikuwa na jaribio bungeni la kuyafanya mahusiano ya wanawake kuwa kosa la jinai. Baraza la Malodi likakataa, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba wanawake wengi hawajapata hata kulisikia jambo hilo, kwa hiyo kulitungia sheria ni kuwatangazia. Mwaka 1928 hakimu wa London akaamuru nakala za riwaya ya mwandishi Radclyffe Hall, inayohusu mwanamke anayependa wanawake, ziharibiwe, ingawa haina maelezo ya chumbani, na tendo lenyewe kwa wanawake halikuwa kosa nchini humo. Kitabu kikaadhibiwa kwa jambo ambalo mtu asingeadhibiwa kwalo. Basi atakayewahakikishia wenzake kwamba wako salama kwa sababu sheria haitaji vitabu, anawapa ahadi isiyokuwa yake.

Huyu anayepinga naye asidharauliwe. Msimamo wa dini kisiwani unajulikana, na wengi wa watakaokuja kwenye duara watakuwa wameswali alasiri yao kabla ya kutoka nyumbani. Mzazi ana haki ya kuuliza mwanawe anasomeshwa nini, ndiyo maana mimi naona duara la aina hii liwe la watu wazima tu, bila ya mjadala. Ninapoachana naye ni pale anapodhani kimya kinalinda. Wale malodi wa 1921 nao walidhani hivyo hivyo. Mwanamke wa miaka thelathini mwenye maswali yake hayaachi kwa kukosa kitabu. Huyapeleka kwenye simu, usiku, peke yake, na huko hakuna wa kumwambia polepole.

Kuna swali jengine ambalo wote wawili hawaligusi: unachagua kwa mwandishi au kwa kitabu? Si kitu kimoja. Tove Jansson wa Finland, yule wa vitabu vya watoto vya Moomin, aliishi miaka mingi na mpenzi wake wa kike, msanii Tuulikki Pietilä, na majira ya joto wakiyapitisha kwenye kisiwa cha mawe. Kwao mahusiano hayo yalikuwa kosa la jinai hadi 1971. Mwaka 1972 akatoa kitabu cha bibi na mjukuu wake kisiwani: bibi mkorofi kidogo, mtoto aliyefiwa na mama, bahari, dhoruba, ugomvi wa vitu vidogo. Mapenzi ya wanawake hayamo. Kisome Jambiani au Wete, hakuna atakayeshtuka, na wengi watamkumbuka bibi yao. Jackie Kay wa Scotland aliandika mwaka 2010 jinsi alivyomtafuta baba yake mzazi, Mnaigeria, na baba mwenyewe, mlokole wa kweli kweli, akamwombea muda mrefu hotelini Abuja badala ya kukaa naye kama mwanawe, na akataka abaki kuwa siri. Mtoto wa nje, dini, aibu ya ukoo: hayo hatuhitaji kuelezwa na mtu. Kwa Audre Lorde, mshairi wa Marekani ambaye mama yake alitoka kisiwa kidogo cha Carriacou huko Karibi, mambo ni tofauti. Katika kitabu chake cha 1982 mapenzi yamo kurasani, na huwezi kuyaruka ukasema umesoma.

Mimi ningeanza na Jansson, na Lorde angesubiri mpaka watu wajuane. Najua lawama yake: kwamba huku ni kuficha, na kwamba aliyekuja kwa ajili ya Lorde ataona tunamzungusha. Lawama hiyo ina uzito. Lakini kosa kubwa zaidi ni kumkaribisha jirani kwa kitabu cha bibi na mjukuu bila ya kumwambia waandishi hawa wamechaguliwa kwa lipi. Yeye ndiye atakayeulizwa na mumewe, na wifi zake, na mtaa mzima. Aambiwe mwanzo, uso kwa uso, awe na nafasi ya kusema hapana bila ya kuulizwa sababu. Na akija, asiulizwe yeye mwenyewe ni nani.

Mengine ni ya kawaida, na mila inasaidia kuliko tunavyokubali. Wanawake kukaa pamoja ukumbini jioni hakumshangazi mtu Unguja: kuna vikoba, kuna darsa, kuna shughuli za arusi. Vitabu hivi tutavipata kwa Kiingereza, kwa hiyo mmoja asome kwa sauti na mwengine asimulie kwa Kiswahili, la sivyo duara litakuwa la waliosoma nje na wafanyakazi wa mahoteli tu. Kitabu kivikwe karatasi ya kaki kama daftari la skuli. Hofu yangu iko kwenye simu. Kundi la WhatsApp lenye jina la duara, majina ya watu na picha ya jalada ni skrinshoti moja tu kufika kwa mtu asiyehusika, na simu zetu huchezewa na watoto mchana kutwa. Siku ya kukutana isemwe kwa mdomo.

Halafu kuna fedha. Wafadhili wa nje hupenda mambo kama haya, ila hutaka jina, usajili kwa Mrajis, ripoti na picha za washiriki wakitabasamu. Kwa watu wanane na kitabu kimoja, sioni faida ya hayo. Mtu akitaka kusaidia alete nakala nne za Jansson kwenye begi lake akija likizo, azikabidhi, na picha asiombe.