Mashine pepe ikiwa nzito, tuiruhusu diski iseme uongo?

Mdogo wangu ana duka la vipuri vya pikipiki, na hesabu zake zote zimo kwenye seva iliyokaa juu ya kabati la vyombo nyumbani kwangu. "Seva" ni jina la heshima tu. Ni kompyuta ndogo ya ofisi, mtumba wa Kariakoo, yenye RAM ya GB 32 na SSD moja ya kawaida. Ndani yake kuna Proxmox, mfumo unaoigawa kompyuta moja kuwa kadhaa za kufikirika, na hizo ndizo mashine pepe, ziko nne. Mwezi uliopita simu zikaanza: "Kaka, nikibonyeza hifadhi, naweza kwenda kubandika chai nikarudi bado inazunguka."

Nikawauliza mafundi wenzangu, wakagawanyika. Mmoja akasema zima sync, yaani kusubiri diski ithibitishe imeandika, kwenye ZFS, mfumo unaosimamia hifadhi yangu, utaona itakavyoruka. Mwingine akasema ukizima utakuja kulia siku umeme ukikatika. Wote wawili wanajua wanachosema, na ndiyo maana suala hili halina jibu la haraka.

Niondoe kwanza yale mepesi. Ushauri wa kwanza wa kila mtu ni kuongeza kore au RAM, lakini ndani ya mashine pepe, kwenye top, programu inayoonyesha shughuli za mashine, safu ya st ilisoma sifuri. Hiyo inaonyesha muda ambao prosesa pepe inasubiri zamu yake kwa mwenyeji, yaani kompyuta halisi. Ikiwa haisubiri, kore za nyongeza zitakaa bure. RAM nayo ilikuwepo ya kutosha, hakuna kilichomwagikia kwenye swap, sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa. Safu ya wa, yaani muda wa kuisubiri diski, ndiyo iliyokuwa inapanda hadi asilimia 40 kila mara mdogo wangu alipohifadhi. Nikarudi kwa mwenyeji, nikaendesha pveperf, chombo cha Proxmox cha kupima kasi. Mstari wa FSYNCS/SECOND ukaleta 94. Maelezo ya chombo hicho chenyewe yanataka izidi 200.

Hapo ndipo penye mambo. Fsync ni swali ambalo programu inaiuliza diski: umekwisha kuandika kweli, au umepokea tu? Ni kama mwenye duka anayemuuliza karani, "Umeandika daftarini?" Karani mwepesi anajibu ndiyo huku bado ameshika kikaratasi, atanakili baadaye. Karani mwaminifu hajibu mpaka wino umekauka. SSD nyingi za bei rahisi ni wepesi wa kupokea, lakini zikibanwa kwa swali hili inabidi zifike hadi kwenye chipu zenyewe, na huko ni mbali. Zile za seva kubwa zina kapasita zinazoshika umeme wa kutosha kumalizia kuandika hata waya ukichomolewa, kwa hiyo zinaweza kujibu ndiyo mapema bila kudanganya. Diski ya sahani ya mizunguko 7,200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde. SSD yangu, kwa kazi hii moja, ilikuwa imeshindwa na kinachozunguka.

Sasa anayesema "zima" ana hoja nzito kuliko wengi wanavyomkubalia. ZFS hukusanya maandishi kwenye mafungu na kuyateremsha diskini kila baada ya sekunde 5 hivi, fungu zima au hakuna kabisa. Ukiweka sync=disabled, umeme ukikatika hifadhi yenyewe haiharibiki. Mashine pepe inaamka ikidhani ni sekunde chache zilizopita. Kwa mashine ya majaribio, au ile ninayotumia kupakua filamu, sioni sababu ya kulipia uaminifu ambao hakuna anayeudai.

Ila watu huchanganya hilo na mpangilio wa keshi (hifadhi ya muda) wa QEMU, programu inayoendesha mashine pepe, uitwao unsafe, nao ni jambo jingine kabisa. Huo ukikaa juu ya mfumo wa faili wa kawaida kama ext4, unapuuza amri ya kumwaga keshi, yaani kuteremsha diskini kilichomo, na maandishi yanaweza kufika diskini bila mpangilio: la pili limefika, la kwanza limepotea. Hapo hupotezi sekunde 5, unaweza kupoteza mfumo wa faili mzima wa mgeni, yaani mashine pepe. Writeback, mpangilio mwingine wa keshi ambao wengi huuogopa kwa jina, huheshimu amri hiyo mgeni anapoitoa. Nimeona mtu akiikimbia writeback na kuikumbatia unsafe siku hiyohiyo.

Turudi dukani. Mteja amelipa kwa simu, ujumbe wa malipo umeingia, skrini imeandika "imehifadhiwa". LUKU inaisha sekunde mbili baadaye. Mashine ikiwaka tena, pesa ipo, mauzo hayapo, na stoo inaonyesha mnyororo mmoja wa ziada ambao haupo kwenye rafu. Hakuna kosa lililoripotiwa, hakuna taa nyekundu. Anayesema "usizime" anaogopa kimya hicho, na kwenye mashine ya hesabu niko upande wake.

UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika? Ninayo, na inasaidia sana LUKU ikiisha usiku. Haisaidii kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ikianguka, wala pawasaplai ikifa, wala mtoto akichomoa waya ili achaji simu. Hilo la mwisho limeshatokea.

Kinachonishangaza ni kwamba wote wawili walikuwa wanabishana juu ya diski, na hakuna aliyeuliza kwa nini programu inauliza fsync mara nyingi hivyo. Nikawasha kumbukumbu za PostgreSQL, hifadhidata ya programu ya duka, nikaangalia. Mdogo wangu alikuwa anapakia orodha ya bei kutoka kwa msambazaji, mistari 4,000, na programu ilikuwa inafunga muamala, na kuuliza fsync, kwa kila mstari. Mistari 4,000 kwa kasi ya 94 ni zaidi ya sekunde 40, na kila anayehifadhi mauzo wakati huo anapanga foleni nyuma yake. Niliporekebisha msimbo ili mistari yote iingie kwenye muamala mmoja, kazi ikaisha kabla sijanyanyua kikombe.

PostgreSQL ina njia ya katikati pia: ukizima synchronous_commit, yaani kusubiri diski kabla ya kujibu kuwa muamala umefungwa, unaweza kupoteza miamala ya mwisho, chini ya sekunde moja kwa mipangilio ya kawaida, lakini data haiharibiki. Nimeiweka kwenye miamala inayoandika takwimu za matembeleo tu.

Kwa hiyo sync imezimwa kwenye diski za mashine tatu, moja moja kwa jina, kamwe si kwenye hifadhi nzima. Ya duka imebaki mwaminifu. Nimemwambia mdogo wangu aanze kuweka akiba ya SSD mtumba yenye kapasita. Akauliza kama kwa bei hiyo hawezi kununua jenereta.