Triga ya bastola: ubadilishe mwenyewe au umpe fundi wa silaha?

Sisi tulioko huku Marekani tukishazoea kwenda renji (uwanja wa kulenga shabaha) wikendi, kitu cha kwanza tunachoanza kukilalamikia kwenye bastola ni triga, pale kidole kinapobonyeza kufyatua. Mara nzito, mara inakwaruza, mara hujui inaachia wapi. Hapo ndo ubishi unapoanza, huyu anakwambia agiza spea ubadilishe mwenyewe mezani, yule anakwambia thubutu, peleka kwa fundi. Mi naona wote wanaruka swali la kwanza kabisa: bastola gani? Maana jibu linatoka huko, halitoki kwenye ujasiri wako wala kwenye unene wa pochi yako.

Chukua Glock. Triga yake ya kiwandani ni paundi kama 5.5 hivi, yaani kilo 2.5, na ndani hamna kitu cha kupiga tupa, unatoa kipande unaweka kipande. Kuna kibati kidogo kimekunjwa pembeni kinaitwa konekta, ukiweka chenye pembe tofauti triga inalainika, na Glock wenyewe wamewahi kuweka konekta nyepesi kwenye Glock 34 yao ya mashindano. Unagonga pini mbili au tatu kutegemea toleo, panchi nyembamba inatosha, basi. Kwa kazi hii sioni sababu ya mtu mtulivu kumlipa fundi na kukaa bila bastola wiki kadhaa, na ukifungua mwenyewe unaielewa silaha yako, siku ikigoma unajua pa kuanzia.

Ila kufunga ndo nusu ya kazi, nusu nyingine ni kupima, na hapa wengi wanapita haraka mno. Chemba tupu, magazini nje, risasi chumba kingine kabisa. Vuta triga uishikilie nyuma, vuta slaidi (kile kipande cha juu kinachoteleza) nyuma uiachie, halafu achia triga polepole mpaka usikie klik, hapo triga imejipanga tena. Mafundi wa Glock wana kifuniko maalumu cha rangi ya chungwa chenye dirisha, wanakiweka nyuma ya slaidi ili waone kwa macho straika (pini inayoruka mbele kugonga risasi) imeshikwa kiasi gani, na wanataka angalau theluthi mbili. Kama huna hicho kifuniko au hujui unatafuta nini pale dirishani, basi hiyo spea umeifunga lakini hujui kama iko salama.

Sasa njoo kwenye 1911, ile bastola ya John Browning, hapa mi nasema wazi wazi nenda kwa fundi. Triga yake inalainishwa kwa kunoa pale sia (kipande kinachoizuia nyundo mpaka ubonyeze) inapokutana na nyundo, sehemu ndogo mno, na pembe yake ikikosewa kidogo tu nyundo haishikiki vizuri, slaidi ikirudi mbele nyundo inaifuata, au mbaya zaidi unabonyeza mara moja zinatoka risasi mbili. Mbali na hatari ya mtu kuumia, sheria ya shirikisho ya 1934 silaha inayotoa risasi zaidi ya moja kwa kubonyeza triga mara moja inaiita mashinigani, na hutaki kwenda kujieleza kwamba ulikuwa unanoa tu. Fundi ana jigi ya kushikilia sia kwenye pembe sahihi na ana mikono iliyonoa nyingi, pesa unayompa inaenda huko.

Na wanaosema triga ni triga tu, waiangalie bastola ya SIG P320. Jeshi la Marekani liliichagua Januari 2017, Agosti mwaka huohuo kampuni ikatangaza marekebisho ya hiari kwa zile za raia baada ya kuonekana kwamba ikiangukia mgongo kwa pembe fulani inaweza kufyatuka yenyewe. Moja ya vitu walivyobadilisha ni kuweka triga yenye uzani mdogo, kwa sababu ile ya mwanzo bastola ikigonga chini triga yenyewe ilikuwa inaendelea kwenda nyuma. Yaani gramu chache za chuma, kwenye kiwanda chenye mainjinia wake, sembuse we unayebadilisha triga kwa sababu ya rangi.

Upande wa fundi nao una shida zake, tusidanganyane. Wapo wanaofunga spea ileile ungeifunga mwenyewe wakakuchaji kazi ya mtaalamu, na wapo wazuri ila foleni yao ndefu. Kwa hiyo muulize kabla hujamwachia: ana leseni ya shirikisho? Maana silaha ikilala kwake anatakiwa aiandike kwenye kitabu. Muulize pia ataipimaje akimaliza, na akisema ataibonyeza bonyeza tu aone, chukua bastola yako uondoke.

Bastola ya kujilinda unayotembea nayo, mi ningeiacha na triga ya kiwandani, nikasafisha, nikafanya mazoezi ya kubonyeza bila risasi kila jioni, kidole kinazoea kuliko unavyodhani. Ya mashindano ndo uichezee, ila ukiweka springi nyepesi ya straika, ijaribu na risasi zilezile utakazotumia siku yenyewe, kwa sababu praima (kile kiwashio kitakoni mwa risasi) za kampuni ya CCI zinajulikana kwa ugumu kuliko za Federal, na springi iliyolainishwa sana inaziachia alama tu bila kuziwasha.