Vyuo vya nje na SUZA: wanaokuja ni wengi, wanaokwenda ni wangapi?

Hati za makubaliano kati ya chuo cha Kiafrika na chuo cha Ulaya au Marekani hufanana. Karibu zote zina kifungu kinachosema kwamba pande mbili zitabadilishana wanafunzi. Kinachofuata baada ya saini ndicho kinachotofautiana, na kwa chuo kilichopo kisiwani tofauti hiyo huonekana upesi zaidi, kwa sababu kila anayetoka lazima kwanza avuke maji.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kikaanza kufundisha 2001. Ni chuo kichanga, lakini kimerithi uhusiano mkongwe. Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, TAKILUKI, ilianzishwa 1979 na baadaye ikaingizwa chuoni, na imekuwa ikipokea wageni wa kujifunza Kiswahili pale Vuga kwa miongo. Vijana wa Kizanzibari nao walipelekwa kusoma Ujerumani Mashariki, China, Urusi na Cuba baada ya Mapinduzi ya 1964. Wakati ule Serikali ndiyo iliyochagua nani aende na nchi rafiki ndizo zilizolipa. Leo mlipaji mara nyingi ni mfuko wa mradi, na mwenye mradi ndiye mwenye sauti kubwa katika kuchagua.

Wanaoutetea ushirikiano huu wana hoja nzito, na mimi nazikubali nyingi. Chukua udaktari. Katika miaka ya 2000 wahadhiri kutoka Chuo Kikuu cha Sayansi za Tiba cha Matanzas, Cuba, walikuja kufundisha madaktari hapa hapa Unguja. Kijana alisoma akiwa kwao, akafanya mafunzo katika wodi za Hospitali ya Mnazi Mmoja, akawatibu watu wanaozungumza lugha yake. Hospitali hiyo hiyo ina uhusiano wa muda mrefu na Hospitali ya Haukeland ya Bergen, Norway, ambapo wafanyakazi wa afya wamekuwa wakienda na kurudi: Mnorwe anakuja Unguja, Mzanzibari anakwenda Bergen. Programu ya namna hii hugharimia safari za kuja na za kwenda, na ndiyo maana mtu wa Zanzibar naye hupata safari. Denmark nayo, kupitia Danida, shirika lake la misaada ya maendeleo, iliisaidia SUZA katika mpango wa kuimarisha vyuo vikuu, na katika mipango kama hiyo mhadhiri husomea uzamivu huku akiendelea kuwa mwajiriwa wa nyumbani. Mtu wa aina hiyo hubaki chuoni miaka thelathini akifundisha, na hilo ni kubwa kuliko kompyuta zozote za msaada.

Upande wa pili haupingi haya. Unauliza juu ya mwanafunzi wa kawaida wa shahada ya kwanza, yule ambaye jina lake halimo katika mradi wowote.

Tumtazame huyo. Anasoma Tunguu, kwenye kampasi ya SUZA, kwao Makunduchi, na amechaguliwa kwenda muhula mmoja Ulaya. Kwa mfumo uliozoeleka, kila mwanafunzi hulipa ada chuoni kwao na husamehewa ada anakokwenda. Ni haki kwa maandishi. Lakini ada si kizuizi chake kikubwa. Anahitaji pasipoti, bima, nauli ya ndege, na taarifa ya benki inayoonesha fedha ambazo familia yake haijawahi kuwa nazo kwa pamoja. Viza nayo ina ada yake, na haimrudii hata akikataliwa. Balozi ziko Dar es Salaam, na alama za vidole hazitumwi kwa barua pepe. Hivyo hupanda boti kwenda, akatafuta pa kulala kwa ndugu, akarudi kusubiri. Mwenzake wa Ulaya anayekuja Zanzibar hupata ruhusa ya kuingia kwa urahisi usiolingana na huo hata kidogo. Makubaliano yanaweza kuandika wanafunzi watano kwa watano, lakini milango haikutengenezwa kwa upana mmoja.

Akishinda hayo yote, kuna kalenda. Mwaka wa masomo ukianza karibu na Novemba, muhula wa vuli wa Ulaya uko katikati, na ule wa Januari au Februari huingilia mitihani ya nyumbani. Akirudi na masomo aliyoyafaulu, idara inaweza kumwambia kwamba hayalingani na mtaala wetu, basi arudie. Kosa hili hatuwezi kulisukumia Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya. Ni kazi ya seneti ya chuo, haihitaji mfadhili, na inatosha kumfanya kijana mwerevu aone bora abaki.

Sasa wanaokuja. Wengi wao ni watu wa kozi fupi, wa wiki kadhaa za Kiswahili au muhula mmoja wa utafiti wa pwani. Wanaleta kodi ya chumba kwa familia za Mji Mkongwe, wanalipa ada, na wapo wanaorudi baadaye wakiwa wasomi wa lugha yetu. Siwabezi. Lakini nenda Jambiani au Paje siku za bamvu, maji yanapokupwa mbali na akina mama wakatoka kwenda kwenye mashamba ya mwani. Kilimo hicho cha biashara kilianza pwani ile mwaka 1989, na tangu hapo kimechunguzwa na kila fani: uchumi, jinsia, mabadiliko ya tabianchi, afya. Mama amepiga magoti majini anafunga miche kwenye kamba, na saa alizo nazo kabla ya maji kujaa ni chache. Kijana mwenye dodoso anafika kumuuliza analipwa kiasi gani kwa kilo. Mama anajibu kwa adabu, kama alivyowajibu waliotangulia. Ripoti inaandikwa kwa Kiingereza, inawekwa kwenye maktaba ya mbali, na bei ya kilo inabaki pale pale.

Wapo watakaosema utafiti haupaswi kubeba dhamana ya kupandisha bei ya mwani. Ni kweli. Hata hivyo, mwanafunzi wa SUZA mwenye mada hiyo hiyo angeweza kuwa pamoja na yule mgeni, jina lake likiwa kwenye kazi ile kama mtafiti na si kama mkalimani. Hapo ndipo ubadilishanaji unapokuwa na maana bila hata mtu kupanda ndege.

Njia nyingine iliyojitokeza ni kukileta chuo chenyewe. Mwaka 2023 Taasisi ya Teknolojia ya India, Madras, ilifungua kampasi Zanzibar, ya kwanza ya taasisi hizo nje ya India, ikaanza na sayansi ya data na akili mnemba. Faida iko wazi: hakuna viza, hakuna boti. Lakini ada yake inahesabiwa kwa maelfu ya dola kwa mwaka, na kampasi ya chuo cha nje si ushirikiano na chuo cha ndani. Inaweza kuwa jirani mwema wa SUZA, au ikawachukua wanafunzi na wahadhiri bora bila kurudisha kitu. Itategemea kama maabara na madarasa yake yatafunguliwa kwa walio nje ya orodha yake.

Kwangu mimi, tatizo la SUZA halipo katika kuwa na washirika wengi. Lipo katika kwenda mezani kama muombaji, ilhali kina vitu viwili ambavyo Bergen na Copenhagen hazina: Kiswahili cha Unguja kinachofundishwa na wenyewe, na bahari hii ya joto yenye matumbawe na mikoko. Wageni wanavitaka, na kinachotakiwa kinaweza kupangiwa masharti. Wageni kadhaa wa kozi fupi wahesabiwe sawa na nafasi moja ya muhula mzima kwa kijana wetu, na katika nafasi hiyo mshirika agharimie pia nauli, bima na fedha za kujikimu. Masomo atakayosoma yaidhinishwe na idara yake kabla hajaondoka, kwa saini, asije akabishana akirudi. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar nayo iangaliwe upya katika jambo hili, ili mkopo wa mwanafunzi umfuate anakokwenda kwa muhula ule. Na kila mgeni anayefanya utafiti Jambiani aache nakala ya ripoti yake chuoni Tunguu, pamoja na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lile, usomwe kijijini kabla kibali cha mtafiti anayefuata hakijatolewa.