Mpango wa msitu hauanzi wala hauishi kwenye picha ya setilaiti

Sina ugomvi na setilaiti. Ninachokipinga ni mpango wa kusimamia msitu kwa miaka kumi kutiwa sahihi juu ya ramani ambayo hakuna mtu aliyeishika mkononi akaingia nayo porini.

Wanaoitetea teknolojia hii wana hoja nzito. Setilaiti ya kwanza ya Landsat, mpango wa Marekani wa kuipiga dunia picha, ilirushwa mwaka 1972, na tangu 2008 picha zake zote hutolewa bure. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya hupita juu ya eneo lilelile kila baada ya siku 5 hivi, zikitoa picha ambazo pikseli moja, yaani kitone kidogo kabisa cha picha, ni mita 10 kwa 10. Hivyo mpangaji anaweza kurudi nyuma miongo kadhaa akaona mpaka wa msitu ulivyosogea, na mbele ya kumbukumbu hiyo ni vigumu kwa yeyote kudai kwamba eneo fulani lilikuwa wazi siku zote. Brazil imeonyesha nguvu ya teknolojia hii. Mwaka 2004 ilianza kutumia DETER, mfumo wa kutoa tahadhari za ufyekaji kwa picha za setilaiti, katika msitu wa Amazon, ambako mwaka huo zilifyekwa takriban kilomita za mraba 27,800. Kufikia 2012 zilikuwa zimeshuka hadi karibu 4,600. Lakini tahadhari hizo zilizaa matunda kwa sababu wakaguzi walikwenda kwenye eneo lenyewe, faini zikatozwa, hifadhi mpya zikatengwa na mikopo ya wakiukaji ikabanwa.

Shida ni kwamba setilaiti huona matawi ya juu. Pikseli ya Landsat ni mita 30 kwa 30. Mvunaji akiondoa mti mmoja mkubwa wa thamani, huenda pikseli nzima ikaendelea kusomeka kijani. Shamba la michikichi nalo husomeka kama miti, ilhali FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, haliliiti msitu. Msitu unaopukutisha majani, ukipigwa picha kiangazi, huweza kudhaniwa umekufa. Mawingu, ambayo zamani yalikuwa kikwazo kikuu, sasa yana dawa kwa kiasi fulani: rada ya setilaiti za Sentinel-1 huyapenya.

Kosa linaloniuma zaidi halitokani na kifaa. Mtu aliye ofisini huvuta mstari kwenye skrini, upande mmoja ukawa eneo la uvunaji na upande wa pili hifadhi kamili. Ardhini mstari huo unakatiza makaburi, mizinga ya nyuki na shamba lililopumzishwa ambalo mwenyewe atalirudia. Hakuna kati ya hivyo kinachoonekana kutoka angani, na mpango ukishapitishwa, mwenye mizinga ndiye anayeitwa mvamizi.

Nitajibiwa kwamba misitu ni mikubwa, maofisa ni wachache, na kutembea ni gharama. Ni kweli, na hapo ndipo picha ina kazi yake halali: igawe msitu kwa aina zake na ielekeze ploti chache za kupimia miti ziwekwe wapi, ili siku za porini zisipotee bure. Kisha wenyeji waisahihishe ramani kabla mipaka haijawekwa. Na ramani ya mwisho iandikwe waziwazi tarehe ya picha iliyotumika, pamoja na sehemu zilizotembelewa na zile ambazo hakuna aliyefika.