Mshipa ukikatika kwenye mchoro, asilimia 90 hainisaidii kitu

Juzi nlimpeleka bimkubwa kupigwa picha ya jicho, ana sukari miaka mingi na daktari alitaka kuiona mishipa ya nyuma ya jicho. Picha ilipotokea kwenye skrini nkasogea karibu, duara la rangi ya chungwa, mishipa inatoka penye doa la mwangaza inatambaa kila upande, minene mwanzoni kisha inapungua inapungua mpaka inapotea. Nkaikumbuka Pemba, vijito vya mikokoni maji yakipwa.

Sasa kompyuta inaichoraje mishipa hiyo peke yake? Njia moja maarufu ni ya mtafiti Frangi na wenzake, ya 1998. Inatazama mwanga ulivyo kwenye kila pikseli, yaani kila kinukta cha picha, ukifuata urefu haubadiliki sana, ukikata upana unabadilika ghafla, basi hapo pana mrija. Nyepesi na haihitaji kufundishwa, ila ikifika mshipa unapogawika inababaika, maana panda haina umbo la mrija, na mchoro unakatika hapohapo. Halafu 2015 ikaja U-Net, mfumo wa akili bandia kutoka Freiburg, Ujerumani, hii inajifunza kwa picha zilizochorwa na watu kwa mkono, na kweli ni hodari.

Mie ninachokipinga ni namna ya kuzipa alama. Kipimo kinachotumika sana ni Dice, yaani mchoro wa mashine na wa mtaalamu umelaliana kiasi gani, na kwa kuwa mishipa minene ndo yenye pikseli nyingi, ile miembamba ikipotea alama inashuka kidogo tu, na mchoro ukipata asilimia 90 watu wanafurahi. Jamani, mvuvi umchoree vijito vyote vizuri halafu kimoja umekikata katikati, mtumbwi wake utapita wapi? Ndo mana naiunga mkono clDice ya 2021, inafuata uti wa mshipa kuona kama haujakatika. Na tupime kwa macho ya watu wetu pia, DRIVE, mkusanyiko wa picha za macho unaotumiwa sana kupimia mashine hizi, ni picha 40 tu kutoka Uholanzi, na jicho la mtu mweusi kwa nyuma huwa limekoza rangi zaidi.

Sukari inaanza kuharibu vimshipa vidogo kabisa. Kwa bimkubwa daktari alituonesha kidoa chekundu kama ncha ya sindano, pembeni ya kimshipa ambacho mie hata sikuwa nimekiona.