Mstari hafifu kwenye kipimo cha mikoplasma

Mtu anakohoa, wiki ya pili sasa. Kikohozi kikavu, homa si kali, mchana anakwenda kazini na usiku halali. Amemaliza dozi ya amoksilini na hajaona nafuu. Daktari anahisi ni mikoplasma, bakteria anayeleta nimonia ya kuvizia, anaagiza damu ipimwe. Baada ya dakika chache mtu wa maabara anakiinua kile kikadi cha plastiki kwenye mwanga: mstari wa kwanza, unaoonyesha kuwa kipimo kimefanya kazi, umekolea; wa pili, ambao ndio wa jibu, unaonekana ukiutazama kwa upande. Anaandika: IgM chanya.

Chanya hiyo ina uzito gani?

Amoksilini haikufanya kitu kwa sababu mikoplasma hana ukuta wa seli, na dawa za jamii ya penisilini huvuruga ujenzi wa ukuta huo. Anayetakiwa hapa ni azithromaisini na ndugu zake, au doksisaiklini. Kumtambua mapema kuna faida, basi, lakini kumwotesha maabara huchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana tangu zamani watu wamemtafuta kupitia kingamwili, protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na mdudu, zilizomo kwenye damu.

Kipimo cha kale kilikuwa cha barafu, maana baadhi ya kingamwili hizo hushikanisha seli nyekundu za damu penye baridi. Unachukua tyubu ya damu iliyozuiwa kuganda, unaitumbukiza kwenye maji ya barafu kwa muda mfupi, kisha unaiinamisha: damu inateleza ikiacha punje punje kwenye kioo, kama mchanga. Ishike kiganjani ipate joto, punje zinaachana na damu inarudi kuwa laini. Nakipenda, nakiri, kwa kuwa jibu unaliona kwa macho yako. Kama ushahidi ni dhaifu: wagonjwa wengi wa mikoplasma hawaonyeshi dalili hiyo, na virusi kama Epstein-Barr navyo huweza kuileta.

Vipimo vya ELISA, njia ya maabara ya kupima kingamwili, na vikadi vya haraka vimekwenda mbali zaidi, maana vinatafuta kingamwili za mikoplasma mwenyewe na kutenganisha IgM, ambazo kwa kawaida hutangulia, na IgG, ambazo hufuata na kudumu zaidi. Wanaovitetea wana hoja. Sampuli ni moja, jibu ni la siku hiyo hiyo, na kwa mtoto aliyeugua zaidi ya wiki moja IgM huwa dokezo zuri, kwa sababu huenda ndiyo mara yake ya kwanza kukutana na mdudu huyu.

Tatizo ni kalenda. IgM huanza kuonekana kama siku 7 hadi 10 tangu dalili zianze, kwa hiyo aliyepimwa siku ya 4 akapata hasi hajaambiwa kitu. Ikishapanda, huweza kubaki kwenye damu kwa miezi, na chanya ya leo ikawa ya kikohozi cha msimu uliopita. Mtu mzima aliyewahi kuambukizwa naye anaweza asitoe IgM kabisa safari hii. Juu ya hayo, vifaa vya watengenezaji tofauti vikipewa damu ile ile havikubaliani kila mara. Mstari hafifu nao unategemea jicho la anayeutazama.

Upande wa pili wapo wanaosisitiza sampuli mbili: ya kwanza mapema, ya pili baada ya wiki 2 hadi 4, zote zipimwe pamoja. Kiwango cha kingamwili kikipanda mara 4, hapo ni vigumu kubisha. Nami nakubali, kwa mtafiti au anayefuatilia mlipuko. Kwa anayekohoa ni jibu linalofika akiwa ameshapona au ameshabadilishiwa dawa, na kumrudisha mtu ambaye haumwi tena achomwe sindano upya si kazi ndogo.

Basi tuiache damu, tutumie PCR ya kooni, kipimo kinachotafuta vinasaba vya mdudu mwenyewe? Inawahi kuliko kingamwili, ila nayo ina kasoro yake. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2013 ulimkuta mikoplasma kwa takribani asilimia 21 ya watoto wasio na dalili, na asilimia 16 ya wenye dalili za njia ya hewa. Kilichonigusa zaidi ni kwamba hata kingamwili hazikuweza kutofautisha anayembeba tu na anayeumwa naye.

Kwa hiyo mimi siegemei upande mmoja moja kwa moja. Mtoto wa miaka 8, siku ya 12 ya kikohozi, IgM chanya iliyokolea: naichukua. Mtu wa miaka 45, siku ya 4, hasi: naiweka kando na kumsikiliza kifua. Na huyu wetu wa mstari hafifu? Kwa kuwa amoksilini imeshashindwa na wiki ya pili imeingia, ningeelekea kumbadilishia dawa hata kama mstari ule usingeonekana kabisa.